Njia Mbili za Fisi

Siku niliyomwambia mama kwamba nimeacha chuo, hakupiga kelele. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa nje ya mlango, akasema, “Njia mbili zilimshinda fisi.” Kisha akaendelea na maharagwe yake.

Kama hukulelewa na methali hii, hadithi yake ni fupi. Fisi alifika njia panda akasikia harufu ya nyama huku na harufu ya nyama kule. Hakutaka kukosa hata moja. Akapeleka miguu ya kushoto njia hii na ya kulia njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Mama alimaanisha mimi. Nilikuwa mwaka wa tatu, karo ina deni, na huku nakesha nikiandika makala ambazo malipo yake yakija ni bahati, yasipokuja unaambiwa uvumilie kidogo. Nilitaka digrii na nilitaka uandishi. Kwa hesabu ya mama, nilikuwa nimepasuka tayari.

Kama wiki tatu baadaye rafiki yangu mmoja akanipa flashi yenye filamu za zamani za Afrika. Ndani yake kulikuwa na moja inayoitwa Touki Bouki. Jina ni la Kiwolofu, lugha inayosemwa na watu wengi Senegali, na maana yake ni safari ya fisi. Nilicheka peke yangu. Nikasema, mama amenifuata mpaka Dakar.

Tangu siku hiyo nimeitazama mara nne, na nimesoma karibu kila kitu nilichoweza kupata juu yake kwa bando langu la usiku. Nilichogundua ni kwamba historia ya filamu hii ni hadithi mbili. Moja ni ya filamu yenyewe. Ya pili ni ya watu waliojaribu kusema ni kitu gani. Hii ya pili ndiyo inayonikera, na ndiyo nataka kuisimulia.

Tuanze na mtu mwenyewe. Djibril Diop Mambéty alizaliwa mwaka wa 1945 huko Colobane, Dakar, mtoto wa sheikh. Alianza kama mwigizaji katika ukumbi wa taifa wa Daniel Sorano, akafukuzwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Hakuwahi kukaa katika darasa la filamu. Nitasema ukweli: niliposoma hiyo habari nilijisikia vizuri kwa siku mbili nzima. Halafu nikakumbuka kwamba wako watu wengi waliofukuzwa mahali na hawakutengeneza Touki Bouki, nikatulia.

Baada ya kufukuzwa alipata kamera, akatengeneza kazi mbili fupi zaidi, Contras' City na Badou Boy, zote zikiwa zimejaa mitaa ya Dakar na utani mkali. Kisha mwaka wa 1973, akiwa na miaka 28, akaitoa Touki Bouki. Bajeti inayotajwa ni kama dola 30,000, sehemu yake ikitoka kwa serikali ya Senegali. Ili upate picha, The Exorcist, iliyotoka Marekani mwaka huo huo, ilikula zaidi ya dola milioni 10.

Hadithi yake unaweza kumsimulia mtu kabla matatu haijajaa. Mory ni kijana mchunga ng'ombe aliyehamia maisha ya mji. Ana pikipiki, na mbele ya pikipiki amefunga fuvu la ng'ombe lenye pembe. Anta ni mpenzi wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, nywele amekata fupi na suruali amevaa. Wote wawili wamechoka na Dakar. Wanataka kwenda majuu, na majuu kwa Senegali ya wakati ule ni Paris. Shida ni nauli ya meli. Basi wanaanza kuwinda pesa. Wanaiba sanduku kwenye uwanja wa mieleka, mahali ambapo watu wanachanga pesa za kumjengea ukumbusho Jenerali de Gaulle, aliyekuwa rais wa Ufaransa. Unaelewa kejeli: nchi ilipata uhuru mwaka wa 1960, na bado mwananchi anachangishwa kwa ajili ya jiwe la mkoloni. Sanduku likifunguliwa, ndani hamna pesa. Kuna fuvu la mtu. Wanaenda tena, safari hii kwa tajiri mmoja, wanaondoka na nguo zake na gari lake. Sasa wana nauli. Wanafika bandarini wakiwa wamevalia kitajiri. Anta anapanda meli. Mory anafika kwenye ngazi, anasimama. Honi ya meli inalia kama ng'ombe. Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini.

Hiyo ndiyo hadithi, lakini filamu haisimulii hivyo. Inaanza na ng'ombe wakiletwa polepole na mtoto, kisha bila onyo uko machinjioni na damu inamwagika kweli. Picha za machinjioni zinarudi tena na tena mahali ambapo hukuzitarajia. Sauti ya kitu kimoja inasikika juu ya picha ya kitu kingine. Kuna wimbo wa Kifaransa kuhusu Paris, ulioimbwa na Josephine Baker, ambao unarudi na kurudi mpaka unaanza kukuudhi, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Hujui mara nyingine kama unaona jambo lililotokea au ndoto ya Mory. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma nikidhani faili imeharibika.

Sasa weka filamu hiyo mbele ya wahakiki wa mwaka wa 1973. Ili tuelewe walichokuwa nacho mkononi, lazima turudi nyuma kidogo.

Tangu 1934 Wafaransa walikuwa na amri, inayojulikana kwa jina la waziri Laval, iliyomlazimu yeyote anayetaka kupiga filamu katika makoloni yao ya Afrika kuomba kibali kwanza, na maandishi ya filamu kukaguliwa. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipotaka kutengeneza filamu yao mwaka wa 1955, waliipiga Paris, juu ya Waafrika wanaoishi huko. Iliitwa Afrique-sur-Seine. Baadaye akaja Ousmane Sembène, aliyekuwa kuli bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima. Mwaka wa 1966 akatoa La Noire de..., habari ya msichana wa Dakar anayechukuliwa Ufaransa kuwa mfanyakazi wa ndani. Sembène aliona sinema kama shule ya jioni ya watu wasiosoma. Filamu ikufundishe. Ikuonyeshe nani anakukalia.

Huo ndio ulikuwa moyo wa wakati ule, na mimi siudharau hata kidogo. Mwaka wa 1975 watengenezaji filamu wa Afrika walikutana Algiers wakaandika hati iliyosema, kwa ufupi, kwamba sinema ya Afrika iwe chombo cha ukombozi, na mtengenezaji awe mtumishi wa watu wake. Ukiwa umenyimwa kamera kwa amri ya serikali ya kigeni, ukiipata utataka isema jambo la maana, tena kwa sauti.

Ndani ya mazingira hayo anatokea kijana mmoja na filamu ambayo haifundishi. Shujaa wake ni mwizi. Wanafunzi wenye maneno ya kimapinduzi wamo, lakini angalia wanachofanya: wanamkamata Mory kwa kamba, wanamfunga nyuma ya gari lao na kumzungusha mji kama mnyama, kwa sababu wanaona anamharibia Anta masomo. Nilipofika hapo ilibidi nisimamishe. Kama umewahi kuacha chuo, na wenzako wa zamani wamekutana nawe stejini na maswali yao ya huruma, hiyo sehemu hutaisahau. Kwa mtu aliyetaka filamu iwe darasa, Touki Bouki ilikuwa ngumu kuiweka mahali. Inapinga ukoloni waziwazi, lakini haikupi wa kumpigia makofi.

Nje ya Afrika mambo yalikwenda tofauti. Filamu ilionyeshwa Cannes mwaka huo wa 1973, katika sehemu inayoitwa Wiki Mbili za Waongozaji, kisha ikafika tamasha la Moscow. Watu wa huko waliiona, wakaisifu. Lakini waliisifu kwa majina gani? Jina linalojirudia katika maandishi ya wageni, wakati ule na mpaka leo, ni Godard. Wimbi Jipya la Ufaransa. Wanataja À bout de souffle ya 1960, vijana wawili wanaoiba na kuota kutoroka. Wanataja Easy Rider ya 1969 kwa sababu ya pikipiki. Halafu wanamaliza kwa neno avant-garde, yaani kazi inayotangulia mbele ya wengine, na hapo mazungumzo yanakwisha.

Sisemi ni uongo. Mambéty alitazama filamu nyingi, na hakuna dhambi katika hilo. Ukikata picha ghafla namna ile mwaka wa 1973, mtu aliyeona Godard lazima amkumbuke Godard. Ninachosema ni kwamba sifa ya namna hiyo ina bei yake. Inakuingiza kwenye nyumba kwa jina la mwenye nyumba. Mtu akishasema “Godard wa Afrika”, haulizwi tena kama anajua lolote juu ya Dakar. Na yule wa nyumbani akisikia hivyo anasema, aha, kumbe ni mambo ya Wazungu, akaenda zake. Filamu moja, milango miwili, na kila mlango una bawabu anayesema mwenyewe yuko kwa yule mwingine.

Cha ajabu ni kwamba Mambéty aliwaweka wahakiki wake ndani ya filamu kabla hawajaiona. Kwenye sitaha ya meli kuna Wafaransa waliokuwa wakifundisha Senegali na sasa wanarudi kwao. Wanazungumza huku wakingoja kuondoka. Kwa maneno yangu: hawa watu hawana kitu, hamna cha kununua hapa, sanaa yao ni porojo za waandishi wa magazeti. Wanasema hayo wakiwa ndani ya kazi ya sanaa ya Msenegali, na hawajui. Anta amesimama meli hiyo hiyo. Ndio watakaokuwa majirani zake njia nzima.

Baada ya 1973 kukawa kimya. Mambéty hakutoa filamu nyingine ndefu mpaka mwaka wa 1992, alipokuja na Hyènes, yaani Mafisi. Miaka 19. Hyènes iliingia mashindano makuu ya Cannes. Baadaye akaanza filamu tatu fupi juu ya watu wa kawaida. Alimaliza mbili, Le Franc na ile ya msichana mlemavu anayeuza magazeti, na hiyo ya pili ilitoka yeye akiwa ameshakufa. Alifariki Paris mwezi wa Julai 1998, akiwa na miaka 53. Ndiyo, Paris. Sitaki kulifanyia hilo ushairi. Watu wengi wa Afrika Magharibi hufia Paris kwa sababu ndiko hospitali ziliko.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka wa 2008 Touki Bouki ilisafishwa huko Bologna, Italia, kwa udhamini wa taasisi iliyoanzishwa na Martin Scorsese ya kuokoa filamu za dunia. Mwaka wa 2013 ikauzwa kwenye diski pamoja na nyingine tano. Gazeti la Sight and Sound la Uingereza, ambalo kila miaka 10 huwauliza wahakiki filamu bora za nyakati zote, liliiweka nambari 93 mwaka wa 2012. Mwaka wa 2022 ikapanda hadi nambari 66. Na katikati hapo, mwaka wa 2018, Beyoncé na Jay-Z wakatangaza ziara yao kwa picha ya wao wawili juu ya pikipiki yenye pembe za ng'ombe. Ghafla watoto waliozaliwa baada ya Mambéty kufa wakawa wanauliza ile pikipiki imetoka wapi.

Mtu anaweza kusema, basi, haki imetendeka, filamu nzuri haizami. Mimi siko haraka hivyo. Hebu angalia hizo nambari tena. Mwaka wa 2012 Sight and Sound liliwauliza watu kama 850. Mwaka wa 2022 liliwauliza zaidi ya 1,600, wengi wakiwa vijana zaidi na wengi kutoka nje ya Ulaya na Marekani. Filamu haikuongezewa hata sekunde moja. Kilichobadilika ni nani aliulizwa. Kwa hiyo zile nambari za zamani, ambazo zilikuwa zinasemwa kama vile zimeshuka kutoka mbinguni, zilikuwa maoni ya chumba kimoja. Na hizi za sasa ni maoni ya chumba kikubwa zaidi. Bado ni chumba.

Sisi Kenya tunalijua jambo hili kwa uchungu wetu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilichaguliwa Cannes mwaka wa 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko, huku nyumbani ikipigwa marufuku. Ilibidi mahakama iamue ndipo ikaonyeshwa hapa kwa siku saba tu. Sifa zilikuja kwa ndege kabla sisi wenyewe hatujaruhusiwa kuangalia.

Sasa turudi kwa fisi, maana hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Bouki si jina alilolibuni Mambéty. Katika hadithi za Wawolofu, Bouki ni fisi, mlafi na mjinga, na mwenzake ni Leuk, sungura mjanja anayemshinda kila siku. Yamo katika hadithi alizoandika Birago Diop. Leuk alipata hata kitabu cha shule, kilichoandikwa na Léopold Senghor pamoja na Abdoulaye Sadji mwaka wa 1953, miaka saba kabla Senghor hajawa rais. Waliochukuliwa utumwani walivuka naye bahari: Haiti mpaka leo wana Bouki, na Louisiana pia wana Bouki, na huko kote bado ni yule yule wa kudanganywa. Kwa hiyo mtoto wa Dakar aliyeona jina la filamu ukutani mwaka wa 1973 alijua kitu kabla hajalipa kiingilio. Alijua kuna mtu atakayefuata harufu ya nyama na kuaibika.

Na mimi, mtoto wa Nairobi, nilijua pia. Sungura na fisi ni wetu vilevile. Nyanya alitusimulia hao hao. Ndiyo maana nakereka ninaposoma makala ndefu, iliyoandikwa na mtu aliyesoma kweli, yenye Godard mara sita na jina la filamu likitafsiriwa mara moja tu, kisha kuachwa hapo kama kibandiko. Maana haikuwa imefichwa. Ilikuwa mbele, kwenye jina. Ila ilikuwa katika lugha ambayo hawakuona haja ya kuuliza.

Nikaamua kufanya jaribio langu. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha video nilipokuwa mdogo, shilingi kumi kiingilio, na filamu zote tulizijua kwa sauti ya DJ Afro, anayesimulia juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng mpaka jambazi wa Hong Kong anakuwa mtu wa Kayole. Ule ulikuwa uhakiki wangu wa kwanza. Hakuna aliyetuambia filamu ni ya nani au inafanana na nini. Tuliambiwa tu, “Mwangalieni huyu, hajui kitakachompata.” Basi Jumapili moja jioni nikaweka laptopu juu ya meza ya mama. Mama akakaa, na jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi machinjioni Kiamaiko miaka mingi, naye akavuta kiti. Maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza, kwa hiyo nikawa DJ Afro wao.

Machinjioni yalipotokea, mimi niligeuza uso kama kawaida. Mzee alisogea mbele. Akasema yule ng'ombe amefungwa vizuri, na wale jamaa wanajua kazi, wala hakuna haja ya kusikitika. Halafu baada ya muda akasema polepole, “Lakini hawa wanaenda kwenye foleni wenyewe.” Ng'ombe, yaani. Wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Picha ya bandari ilipokuja, abiria wakipanda ngazi, hakusema kitu, akanitazama tu. Sikuwa nimeona hilo katika mara zangu tatu za kwanza, wala sikulipata kwa Godard.

Mama alimpenda sana yule mama muuza vyakula, Aunty Oumy, anayemdai Mory pesa zake na kumtukana. Akasema huyo anamjua. Alipoona wale wanafunzi wakimfunga Mory kamba alikunja uso na kusema, “Na hao ndio wamesoma.” Hakunitazama aliposema, nami sikumtazama.

Tulipofika mwisho nilikuwa na wasiwasi kidogo. Mory anakimbia kutoka bandarini. Pikipiki yake imechukuliwa na mtu mwingine na kugongwa, aliyeiendesha anabebwa kwa machela, na lile fuvu lenye pembe limevunjika. Mory anakaa kwenye ngazi na vipande vya pembe. Meli inaondoka na Anta. Nikamwuliza mama, “Sasa huyu si ndiye yule fisi wako wa njia mbili?”

Akafikiria. Akasema, “Fisi alitaka zote mbili. Huyu ameacha moja.” Kisha akaongeza, “Kama ni fisi, ni yule msichana aliyebaki kwenye meli anangoja mtu asiyekuja.” Jirani hakukubali. Alisema msichana ndiye mwenye akili, kijana ni mwoga tu, mambo ya pembe ni kisingizio. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nimesoma makala nyingi juu ya mwisho wa Touki Bouki, na karibu yote niliyoyasoma yamo ndani ya ubishi wa watu wawili wale, ukitoa maneno makubwa.

Sitaki kudanganya kwamba mtaa una jibu na wasomi hawana. Bila wale wa Bologna ningeona nakala chafu, au nisingeona kabisa. Bila mhakiki aliyelia Godard, Godard, pengine Scorsese asingesikia. Hata Mati Diop, ambaye baba yake ni mdogo wa Mambéty, amepita milango hiyo hiyo. Mwaka wa 2013 alitengeneza Mille soleils, akimfuata Magaye Niang, yule aliyeigiza Mory. Ndani yake tunamwona amezeeka, bado yuko Dakar na ng'ombe wake, akimpigia simu mwanamke aliyekuwa Anta, ambaye alihama kweli na yuko Alaska. Mwaka wa 2019 Mati alipata Tuzo Kuu ya Cannes kwa Atlantique, juu ya vijana wa Dakar wanaoondoka kwa mashua na kupotea baharini. Bahari ile ile, miaka 46 baadaye, ila sasa hakuna ngazi ya kupandia wala tikiti. Mwaka wa 2006, mashua zilipokuwa zikienda visiwa vya Kanari kwa wingi, vijana walikuwa na msemo wao: Barcelona au barzakhi. Neno la mwisho huhitaji kutafsiriwa Mombasa.

Na ile meli? Jina lake lilikuwa Ancerville. Ilikuwa meli halisi ya abiria kati ya Marseille na Dakar. Mwaka huo huo wa 1973 iliuzwa China, ikapewa jina Minghua. Leo ni hoteli huko Shekou, Shenzhen. Waliijaza bahari udongo kuizunguka, kwa hiyo imekaa katikati ya mji, haiendi popote, na watu wanapiga picha mbele yake. Nilimwambia mama habari hiyo. Akauliza kama wanalipisha kuingia.

Deni la karo bado lipo, na barua zake zinakuja. Makala mbili za mwezi uliopita hazijalipwa. Sijui kama nimeacha njia moja au nimepasuka taratibu bila kusikia. Lakini juzi mama alimweleza mgeni kwamba mimi kazi yangu ni kutazama filamu na kuziandika, na kwamba kuna moja ya fisi ambayo mwisho wake bado hatujakubaliana. Alisema hivyo huku akichagua maharagwe. Hakutaja methali.